Mwalimu wa Redio za Kijapani

Ukimkuta mtu hapa Nzuguni, Dodoma, anasema yule mzee alikuwa anafuga jini kwenye gari, wewe niletee jina lake tu. Mengine nitamalizana naye mwenyewe. Nimeshagombana na watu wengi kwa ajili ya huyu mzee na bado sijachoka.

Tulimwita Mwalimu. Jina alikuwa nalo, ila pale kwetu hakuna aliyelitumia na mimi sitaanza leo. Ukoo wake na mwaka aliozaliwa kawaulize ndugu zake. Ninachojua mimi ni kwamba alifundisha shule za msingi upande wa Kongwa mpaka akastaafu, mke wake akafariki, akahamia Nzuguni peke yake. Kila asubuhi alikuwa anakuja kupaki gari yake pale wanapooshea magari, hatua chache kutoka kwenye kibanda changu cha umeme wa magari. Anafungua mlango wa dereva, mguu mmoja anautoa nje, mwingine anauacha ndani, anaweka daftari kwenye paja, anasubiri watu. Hivyo hivyo kwa miaka sita.

Na watu walikuwa wanakuja. Walikuwa wanakuja kufundishwa redio.

Hata mimi mwanzoni nilicheka. Lakini fikiria. Gari imetoka Japani, mtumba, ina redio yake ya kuzaliwa nayo, kioo kikubwa katikati ya dashibodi, na kila neno kwenye hicho kioo ni Kijapani. Stesheni zinaishia tisini, kwa hiyo redio zetu nyingi hazishiki. Ukiwasha gari, mwanamke anaongea humo, Kijapani. Halafu wizara zikahamia Dodoma, watumishi wakajaa na hayo magari yao. Watu wamesoma, wana shahada mbili mbili, na bado mtu anaendesha kutoka mjini mpaka huku redio inapiga makelele kwa sababu hajui pa kupunguzia. Wengine walikuwa wanafunika kioo kwa kitambaa. Mmoja nilimwona amebandika kalenda juu yake.

Mwalimu alikuwa anaingia kwenye gari ya mtu, anakaa kiti cha abiria, mikono juu ya magoti, hagusi kitu. Anamwambia mwenye gari asome.

"Sijui Kijapani, Mwalimu."

"Hata mimi sijui. Nimesema soma, sijasema uelewe. Angalia umbo."

Daftari lake ndilo lilikuwa na hayo maumbo. Alikuwa ameyachora kwa mkono, moja baada ya jingine, kwa kalamu ya wino mweusi, na pembeni ameandika maana yake kwa mwandiko wa ubaoni. Neno la sauti kwake lilikuwa mtu mwenye kofia amesimama juu ya sanduku. La kurudi nyuma lilikuwa mtu amejibanza chini ya mlango. La mipangilio lilikuwa na nyumba yenye mtu anakimbia ndani. Na lipo moja lenye matone matatu ya maji upande wa kushoto. Hilo alilichora kubwa, ukurasa mzima, akalizungushia mstari mwekundu. "Hilo linafuta," alikuwa anasema. "Ukiona matone matatu, toa kidole chako." Aliligundua kwa kufuta stesheni zake zote, siku moja, kwa mkupuo, na alikuwa anaisimulia hiyo siku kama mtu anayesimulia ajali.

Hakuwa anachukua hela. Alichokuwa anataka ni kuchora. Gari yako ikiwa na kioo ambacho hajawahi kukiona, lazima umwachie dakika ishirini akae nacho na daftari, na hapo ukimharakisha anafunga kalamu anashuka. Nilimwona amemshukia mkubwa mmoja wa serikali namna hiyo. Yule baba alikuwa na kikao, anaangalia saa, anasema fanya fanya mzee. Mwalimu akashuka, akafunga mlango taratibu bila kuubamiza, akarudi kwenye gari yake. Yule mkubwa ilibidi arudi kesho yake, na salamu ilikuwa shikamoo.

Mwenyewe alikuwa mtu wa adabu mpaka inakera. Yule mwanamke wa Kijapani anayeongea ukiwasha gari, Mwalimu alikuwa anamwitikia. Anasema marahaba. Kila siku. Vijana wa kuosha magari walikuwa wanavunjika mbavu. Nikamuuliza, Mwalimu, unajuaje kama anakusalimia, pengine anakutukana? Akaniambia mtu akiongea na wewe kwa sauti ya upole hivyo unamwitikia, na kama ni tusi litamrudia mwenyewe. Nikarudi kwenye nyaya zangu.

Nilimpendea nini? Nitasema. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, umeme sikuusomea. Nilijifunza kwa kuunguza fyuzi za watu na kuangalia video kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Nilipofungua kibanda, mwanamke, na ushungi wangu, watu walikuwa wanapita wanauliza fundi yuko wapi, nikiwa nimeshika testa mkononi. Mwalimu siku ya kwanza alikuja akasimama mbele yangu akasema, "Fundi, taa yangu ya breki haiwaki." Basi. Hakuzunguka macho kutafuta mwanaume. Toka siku hiyo nikawa upande wake. Mtu akimgusa amenigusa mimi.

Na hakuwa malaika, nisije nikakudanganya. Alikuwa mbishi. Alikuwa anachukia besi. Ukipita na gari inayotetemesha mabati anakufuata kwa miguu mpaka kwenye foleni akuambie usiitese spika, haina kosa lolote. Alikuwa anasahihisha vibao vya watu vya biashara. Changu alikisahihisha mara mbili. Na alikuwa anajifanya hajui kudanganya. Kuna mtumishi mmoja alikuja jasho linamtoka. Simu yake ilijiunga yenyewe na redio ya gari, mke wake amekaa pembeni, na sauti ya mtu mwingine ikatoka kwenye spika zote nne ikimwita mpenzi. Akataka afundishwe kuizuia simu isijiunge. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia redio atamfundisha, kumficha mke hafundishi. Tukacheka wiki nzima.

Lakini Mwalimu huyo huyo alikuwa anamdanganya binti yake. Binti ni nesi, anakaa Mpwapwa, alikuwa anakuja kumwona mara moja moja. Akifika tu, Mwalimu anapunguza sauti ya redio mpaka sifuri, na binti akiuliza anaambiwa imeharibika. Miaka yote. Mimi fundi umeme nimesimama pale, nasikia redio nzima inaitwa mbovu mbele yangu, nanyamaza. Unajua kwangu kunyamaza ni kazi gani?

Alikuwa na sababu. Sababu yenyewe ndiyo iliyofanya watu waseme jini.

Gari ya Mwalimu ilikuwa inaimba yenyewe. Ukiwasha swichi, kabla hata hujagusa kitu, mwanamke wa Kijapani akimaliza salamu yake, panakuwa kimya kidogo, halafu mtu anakohoa. Mwanamke. Kikohozi kidogo cha kusafisha koo. Mwalimu anasema, "Pole." Halafu wimbo unaanza, wa kwaya, kwa Kigogo, na huyo mwanamke aliyekohoa ndiye anayeongoza.

Alikuwa mke wake. Kwaya yao ya kanisani huko Kongwa iliwahi kurekodi CD, nakala chache tu, za kuuza kwenye harambee. Yao waliisahau juu ya dashibodi, jua la huku unalijua, ikajikunja kama chapati. Wakasikitika, wakaitupa. Hawakujua kwamba redio za aina ile zina kumbukumbu ndani, ukiweka CD inaimeza yenyewe, inahifadhi, haikuambii. Au inakuambia, kwa Kijapani. Mke akaugua, akafariki. Miezi imepita, Mwalimu siku moja yuko peke yake kwenye gari, anabonyeza bonyeza atafute taarifa ya habari, kioo kikabadilika, na mke wake akakohoa.

Aliniambia hayo mara moja tu, na hakunitazama wakati anasema. Aliniambia alizima gari kwa woga. Akakaa. Alipowasha tena, redio ikarudi kwenye makelele ya kawaida, na hakujua alibonyeza nini. Ilimchukua wiki saba kumpata tena. Wiki saba, kila siku, anachora kila alama anayoiona na kuandika ilimpeleka wapi, ili asiingie njia moja mara mbili. Daftari lilianzia hapo. Sisi tulidhani mzee ana moyo wa kusaidia watu na redio zao, na kweli alikuwa nao, lakini daftari lile alilichora anamtafuta mke wake.

Alipompata hakumwacha tena. Hakubadilisha tena wimbo kwenye gari ile. Binti yake aliusikia mara ya kwanza akalia mpaka ikabidi washuke njiani, ndipo Mwalimu akaanza kusema redio imekufa.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini dereva mmoja wa bajaji aliposema mbele yangu kwamba mzee anatembea na maiti, nilimmwagia ndoo nzima ya maji ya sabuni, yeye na abiria wake. Abiria nilimwomba radhi. Yeye bado.

Kulikuwa na sheria moja tu kwenye gari ya Mwalimu, na alinipa mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nagusa umeme wake. Usitoe betri. Sisi mafundi wa huku, kazi yoyote, kitu cha kwanza ni spana namba kumi, unalegeza waya wa betri, unachomoa, ndiyo unaanza. Tumezoea hivyo kwa usalama. Na wenye magari nao wakisafiri wanachomoa ili betri isiishe. Lakini hizi redio za Kijapani zikikosa umeme, hata kwa kufumba na kufumbua, nyingine zinajifunga. Zinadai namba ya siri, na namba alibaki nayo mwenye gari huko Japani. Mwalimu alikuwa ameona za wenzake zimejifunga, vioo vimebaki mapambo. Kwake tulikuwa tunaunga kwanza betri ya pili kwa waya za kubusti, ndiyo tunagusa ya kwanza. Yeye anasimama pembeni anashika koleo la waya kwa mkono wake mwenyewe, lisichomoke, mpaka nimalize.

Mwaka jana kipindi cha upepo alianguka. Nilimkuta mimi, asubuhi, mguu mmoja nje ya gari na mwingine ndani kama kawaida yake, ila kichwa kimelala kwenye usukani. Mwili upande wa kulia ulikuwa umepooza. Binti yake akaja akamchukua kwenda Mpwapwa, na Mwalimu kabla hajaondoka akanivuta kwa mkono wa kushoto akaniwekea ufunguo kiganjani. Kuongea alikuwa anaongea kwa shida. Nilielewa, nikamwambia nitaiwasha kila Jumamosi.

Niliiwasha. Kila Jumamosi dakika kumi na tano, nakaa ndani, mwanamke wa Kijapani ananisalimia, namwitikia kwa niaba ya Mwalimu, mama anakohoa, nasema pole, kwaya inaanza. Majirani walikuwa wananitania, eti fundi kabadili dini kimya kimya. Na kusema ukweli sikuwa nasikiliza. Nilikuwa naongea na simu. Wateja, mdogo wangu, shangazi Kondoa, kila mtu niliyekuwa sijampigia wiki nzima nilikuwa nampigia mle ndani, naongea juu ya wimbo. Sauti ya marehemu inapanda na kushuka nyuma yangu kama kelele ya jirani. Mimi nilijua ipo. Haikunijia kwamba ipo siku nitaitafuta.

Jumamosi moja nikaona ule unga mweupe umeota kwenye kichwa cha betri. Nikasema nisafishe, Mwalimu akirudi akute gari safi. Nikaunga betri ya pili kama alivyonifundisha. Ila hapakuwa na mtu wa kushika koleo, na mimi sikutaka kumwita mtu, kwa sababu kijana aliyekuwa karibu tulikuwa tumegombana asubuhi. Nikalibana koleo kwenye nati nikaona linatosha. Nikalegeza spana. Upepo ukaja, bonneti ikatikisika, koleo likaruka.

Lilitoka mara moja tu. Nililirudisha hapo hapo, hata pumzi sijatoa.

Nikawasha swichi. Kioo kikawaka cheupe, mistari miwili ya Kijapani, na visanduku vya kujaza namba.

Hapa ndipo nilipokosea, siyo pale kwenye koleo. Koleo ni upepo. Ningempigia binti yake simu siku ile ile ampe baba yake, ningesema Mwalimu, imejifunga, na najua angeniambia nini. Angeniambia usiguse. Wimbo ulikuwa bado uko mle ndani, umefungiwa tu. Lakini mimi nilitaka niwe nimeshaifungua kabla hajajua. Nikaitafutia fundi mjini anayesifika kwa kufungua redio. Nikamwelezea kwamba kuna wimbo, usipotee. Akasema sawa dada, ondoa shaka, na hata hakuandika mahali. Nilitaka kumsimamia nikashindwa, kila nikichungulia ananiambia namziba mwanga, tukaanza kurushiana maneno, nikatoka nje kwa hasira. Nikakaa nje. Mimi na mdomo wangu tukakaa nje.

Aliponiita alikuwa anatabasamu. Redio imefunguka. Stesheni zinashika mpaka mia na nane, amegeuza mpaka lugha, sasa iko kwa Kiingereza. Nikabonyeza njia ya Mwalimu, ninayoijua kwa macho. Mtu mwenye kofia hayupo, mlango haupo, maneno ya Kiingereza tu. Nikafika kwenye orodha ya nyimbo. Tupu.

Nikamuuliza wimbo uko wapi. Akasema, "Dada, ili ifunguke ni lazima ifutwe. Si ulitaka ifunguke?"

Sikumpiga. Wanaonijua hawaamini, lakini sikumpiga. Nilichukua ufunguo nikaondoka.

Baada ya hapo nikaanza kusikia kikohozi. Nafunga taa ya mtu, swichi ikiwashwa tu, kabla redio haijaanza, katika ule ukimya mdogo, nasikia mtu anasafisha koo. Gari yoyote. Nageuka, mwenye gari ananitazama, hajakohoa. Mara mbili nimesema pole kwa sauti, wateja wakaniangalia. Gari ya Mwalimu niliendelea kuiwasha Jumamosi, na mwanamke wa Kijapani naye alikuwa ameondoka. Badala yake panatoka mlio mmoja wa kengele, basi. Nilikaa dakika zangu kumi na tano bila simu. Hapo ndipo nilikuwa nasikiliza.

Mwezi uliopita binti yake akanipigia. Baba anataka gari. Siyo yeye aje, gari imfuate. Nikasema nitaileta mwenyewe.

Niliendesha kutoka Nzuguni mpaka Mbande, nikakata kwenda Kongwa, nikapita yale mashamba yamekauka, ng'ombe wanavuka barabara kama hawana haraka na dunia, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na maneno mengi. Ya kumlaumu fundi wa mjini, ya kulaumu upepo, ya kulaumu yule kijana niliyegombana naye. Nilipofika Mpwapwa nilikuwa nimebaki na sentensi moja.

Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, shati limefungwa vifungo vyote mpaka juu. Amepungua. Mdomo umeenda upande mmoja. Nikasema shikamoo Mwalimu, akasema marahaba Fundi, taratibu, kila neno analipanda kama ngazi. Binti yake akaniuliza baba ana shida gani na hiyo gari, si redio yake ilishakufa siku nyingi? Mwalimu akaniangalia. Mimi nikaangalia chini.

Tukamsaidia kuingia kiti cha dereva. Mguu mmoja nje. Binti akaenda jikoni kuangalia chai. Nikakaa kiti cha abiria, mikono juu ya magoti, na kabla hajazungusha ufunguo nikaisema ile sentensi. "Mwalimu, umefutika, na nimeufuta mimi."

 Akawasha swichi kwa mkono wa kushoto. Kengele ikalia. Akasubiri, mimi najua alikuwa anasubiri nini. Halafu kidole kikaanza kutembea kwenye kioo, kushoto, juu, chini, chini tena, njia ile ile kana kwamba alama bado zipo, kikafika kwenye orodha. Akaitazama orodha tupu kwa muda mrefu. Nilitaka anitukane. Nilitaka aniambie shuka kwenye gari yangu. Ningejua pa kushika.

Akazima.

"Toka nianguke," akasema, "namwona. Mdomo wake nauona, unafunguka. Sauti haiji. Ndiyo maana nimeita gari."

Nikasema nisamehe Mwalimu. Akatikisa kichwa kama mtu anayefukuza inzi, hakuwa na muda na hilo.

"Wewe umekaa naye kila Jumamosi. Imba."

Nikamwambia mimi siimbi. Nikamwambia Kigogo sikijui, kwaya sijawahi, mimi ni mtoto wa Kiislamu wa Kondoa, nikifungua mdomo mbuzi wa hapa watakimbia. Nilikuwa naongea haraka haraka, na yeye akaniacha nimalize kama alivyokuwa akiwaacha wote.

"Sijauliza kama unaweza."

Nikatazama mbele, kwenye kioo cha mbele cha gari, vumbi la njia nzima limekaa juu yake. Nikatafuta kichwani. Nilichokuwa nacho ni vipande. Mwanzo kidogo, kwa sababu mwanzoni simu ilikuwa bado inaita. Halafu sauti yangu mwenyewe naagiza nyaya. Halafu kipande cha katikati, pale shangazi alipokuwa amekata simu. Nikasafisha koo, nikaona aibu kwa kusafisha koo, nikaanza. Maneno sikuyajua, nikayabumba. Sauti ilitoka nyembamba na mbaya. Nikaenda mpaka pale ninapopakumbuka, nikashusha sauti, nikaishia hapo.

Mwalimu alikuwa amefumba macho. Mkono wa kushoto ulikuwa hewani, kidole kimoja kimesimama.

"Siyo," akasema.

"Najua siyo, Mwalimu, nimekwambia mimi..."

"Hapo hashuki." Uso wake upande mmoja ulikuwa umeanza kufanya kazi, umejikunja kama wa mtu anayesikiliza kitu kinachotokea chumba cha pili. "Hapo anapanda. Anapanda, anakaa huko juu, anatungoja sisi." Akatoa sauti, kwa mdomo ule uliopinda, noti moja, imepasuka, ndogo. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Hata mimi niliijua ilipotoka.

Akafumbua macho. Yalikuwa yamejaa.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Pale nikapanda, nikaenda mbele kidogo, nikakosea mahali pengine.